Picha Iliyoganda Uani: Kisa cha Nyakati za Ishara ya Video katika Maulidi ya Mtaani, Lamu

Kila Mfungo Sita unapoingia, karakana yetu ndogo ya Langoni hupata kazi isiyohusiana na simu wala feni. Maulidi husomwa upande wa wanaume, na wanawake, ambao hukaa katika ua wa nyumba nyingine, hutaka kuona na kusikia kila kinachoendelea bila kubaki na sauti ya kipaza sauti peke yake. Kuta za nyumba zetu za mawe ni nene, vichochoro ni vyembamba, na njia fupi kati ya nyumba mbili mara nyingi ni ile inayopita juu ya mapaa. Kebo ya HDMI ya kawaida, ile inayobeba picha na sauti, haivumilii mwendo huo, kwa sababu ikishapita mita 10 hadi 15 ishara huanza kudhoofika, ilhali waya wa mtandao unaweza kufika mita 100. Kwa hiyo upande wa wanaume tuliweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iliyofungwa kibao chenye chipu ya Toshiba TC358743, ambayo hupokea ishara ya HDMI na kuipeleka kwenye tundu la kamera la kompyuta hiyo. Kompyuta huibana picha na kuituma kwa waya wa mtandao mpaka uani, kwenye kompyuta ya pili iliyounganishwa na projekta.

Vyanzo vya picha vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kamera iliyoelekezwa kwa wasomaji, na cha pili laptopu ya maalim wa madrasa, iliyokuwa na maandishi ya kasida kwa Kiarabu pamoja na tafsiri yake. Kati ya vyanzo hivyo na kibao chetu palikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuchagua chanzo. Programu iliyoendesha kazi yote iliandikwa na mtoto wa dada yangu, ninayefanya naye kazi, naye aliijaribu karakanani kwa wiki nzima akitumia kamera peke yake. Ilifanya kazi bila dosari.

Siku tatu kabla ya maulidi tulifanya majaribio mahali penyewe. Kamera ilionyesha vizuri kwa muda wa saa nzima. Tulipobonyeza kitufe ili kuleta laptopu, mtoto mmoja alikuja mbio kutoka uani akiwa ametumwa na mama aliyekuwa akiitazama skrini: picha imeganda, mkono wa msomaji umesimama hewani. Tukarudisha kamera, na picha ikabaki vile vile. Tulipoizima programu na kuiwasha upya huku kamera ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, kila kitu kikarudi kuwa sawa. Tukabonyeza tena, ikaganda tena. Kilichotusumbua zaidi ni kwamba hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Programu ilikuwa hai, ikingoja fremu ifuatayo, yaani picha moja katika mfululizo wa video, na fremu hiyo haikuja.

Nakiri kwamba siku mbili za kwanza tulizitumia vibaya. Mtu anayetengeneza vifaa katika mji wa pwani hushuku chumvi kabla ya kushuku kitu kingine, kwa sababu hewa ya bahari hula vichwa vya kebo upesi kuliko mtu anavyotarajia. Tulisafisha matundu, tukabadilisha kebo, tukabadilisha chaja, tukajaribu kisanduku kingine cha kuchagulia. Hakuna lililobadilika. Na jambo moja lilituzuia tusielekee kwenye jibu, nalo ni kwamba menyu ya kamera ilisema 1920 kwa 1080, na mipangilio ya laptopu pia ilisema 1920 kwa 1080. Kijana aliniuliza swali ambalo nililibeba usiku kucha: "Mjomba, ukubwa ni ule ule. Sasa kilichobadilika ni nini?"

Ili kulijibu swali hilo inabidi kueleza ishara ya video ilivyo inapopita ndani ya kebo, kwa sababu pikseli (nukta za picha) zinazoonekana ni sehemu tu ya kile kinachosafiri. Kila mstari wa picha hufuatiwa na muda usio na picha, na kila fremu hufuatiwa na mistari kadhaa isiyo na picha. Muda huo mtupu una sehemu tatu: kipande cha kwanza kinachofuata picha, kisha pigo la kusawazisha linalomjulisha mpokeaji kwamba mstari mpya unakuja, kisha kipande cha mwisho kabla picha haijaanza tena. Mafundi wa televisheni wa zamani waliviita vipande hivyo viwili kwa jina la ukumbi ulio mbele ya mlango wa nyumba, na kwa mtu wa Lamu neno hilo halihitaji kutafutwa mbali, kwani ni daka. Kuna daka la mbele, kuna pigo, na kuna daka la nyuma. Vipimo hivi, pamoja na kasi ya pikseli, mwelekeo wa mapigo, na habari ya kama fremu inakuja nzima au imegawanywa katika mistari ya shufwa na witiri, ndivyo ninavyoviita hapa nyakati za ishara.

Sasa tazama tarakimu za kamera yetu, iliyokuwa ikitoa fremu 50 kwa sekunde. Mstari una pikseli 1920 za picha, daka la mbele la pikseli 528, pigo la 44 na daka la nyuma la 148, hivyo jumla yake ni 2640. Fremu ina mistari 1080 ya picha, kisha 4, 5 na 36 mitupu, na jumla yake ni 1125. Ukizidisha 2640 kwa 1125 kwa 50 unapata pikseli 148,500,000 kwa sekunde, yaani megahezi 148.5. Laptopu ilikuwa ikitoa fremu 60 kwa sekunde. Mistari yake ni ile ile 1125, pigo lake ni lile lile 44, daka lake la nyuma ni lile lile 148, na kasi yake ya pikseli ni ile ile megahezi 148.5. Tofauti iko mahali pamoja tu, kwenye daka la mbele, ambalo kwa laptopu ni pikseli 88 badala ya 528, hivyo mstari mzima una pikseli 2200. Pikseli 440 tupu katika kila mstari, ambazo hakuna jicho litakaloziona, ndizo zilizotenganisha picha inayotembea na picha iliyoganda.

Tulilijua hili pale tulipoacha kushika kebo na kukiuliza kiendeshi chenyewe, programu inayosimamia kifaa, ambacho mafundi wengi hukiita draiva. Katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, vifaa vya video vina kiolesura cha pamoja kiitwacho V4L2, na ndani yake mna amri zinazohusu nyakati za ishara za kidijitali. VIDIOC_G_DV_TIMINGS husoma nyakati zilizowekwa sasa, VIDIOC_S_DV_TIMINGS huziweka mpya, VIDIOC_DV_TIMINGS_CAP hueleza mipaka ya kifaa, na VIDIOC_QUERY_DV_TIMINGS humwambia kiendeshi achunguze kinachoingia kwenye kebo wakati huo huo. Kusoma na kuchunguza ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyotufungulia kisa. Tulipotumia programu ya v4l2-ctl huku laptopu ikiwa imechaguliwa, nyakati zilizowekwa zilikuwa za fremu 50, na nyakati zilizogunduliwa zilikuwa za fremu 60. Kifaa kilikuwa kinajua kabisa kwamba mgeni amebadilika, lakini hakikumfungulia mlango.

Hapa nitaje jambo dogo ambalo linaweza kumpotosha anayesoma tarakimu hizi kwa mara ya kwanza, kama lilivyotupotosha sisi kwa nusu saa. Kiendeshi cha TC358743 hakipimi daka la mbele na la nyuma mbalimbali. Hupima upana wa mstari mzima na upana wa picha, kisha tofauti yote huiandika kuwa ya pigo. Kwa kamera tulisoma daka la mbele 0, pigo 720, daka la nyuma 0, na kwa wima 0, 45, 0. Kijana alidhani chipu ni mbovu. Lakini 528, 44 na 148 zikijumlishwa ni 720, na 4, 5 na 36 ni 45. Kwa kupokea picha, jumla inatosha.

Kilichofuata ni kuuliza kwa nini kiendeshi, baada ya kugundua nyakati mpya, hakikujirekebisha chenyewe. Kijana aliliona kuwa kosa la kiendeshi, nami mwanzoni nilielekea kumkubalia. Baada ya kusoma maelezo ya kiolesura nilibadili mawazo, na leo naamini kwamba kunyamaza kule kulikuwa sahihi. Maelezo yanasema wazi kwamba kiendeshi hakiruhusiwi kubadili nyakati kwa hiari yake, kwa kuwa nyakati mpya kwa kawaida huleta ukubwa mpya wa bafa, yaani nafasi za kumbukumbu ambamo fremu huwekwa, na bafa haziwezi kubadilishwa ukubwa zikiwa katikati ya kazi. Fremu ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 2 kwa pikseli inahitaji baiti 4,147,200, na fremu ya 1280 kwa 720 inahitaji 1,843,200. Programu iliyotenga nafasi kwa ajili ya fremu ndogo kisha ikapokea kubwa bila taarifa ingeandika mahali pasipo pake, au ingepoteza sehemu ya picha. Katika kisa chetu ukubwa haukubadilika, lakini kiendeshi hakifuati sheria moja kwa ajili yetu na nyingine kwa wengine. Kikiona nyakati zilizogunduliwa hazilingani na zilizowekwa, husimamisha mkondo wa picha, hutoa taarifa, na kungoja mwenye programu aseme anachotaka.

Taarifa hiyo ndiyo programu yetu iliyoipuuza. Inaitwa V4L2_EVENT_SOURCE_CHANGE, na programu huipata ikiwa tu imejiandikisha kwa VIDIOC_SUBSCRIBE_EVENT na kuisubiri sambamba na fremu. Programu ya kijana iliuliza nyakati mara moja tu, ilipoanza, ikaziweka, ikatenga bafa, kisha ikaingia katika mzunguko wa kupokea fremu bila kutazama kitu kingine. Hilo lilifaa karakanani, ambako chanzo kilikuwa kimoja.

Jaribio lake la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuita VIDIOC_S_DV_TIMINGS papo hapo, mkondo ukiwa bado umefunguliwa, naye akajibiwa EBUSY, yaani kifaa kina shughuli. Akasimamisha mkondo kwa VIDIOC_STREAMOFF, akajaribu tena, akajibiwa EBUSY vile vile, na nilimwona akikata tamaa. Sababu ni kwamba kusimamisha mkondo hakuachilii bafa. Maadamu bafa zimetengwa, kiendeshi huhesabu kwamba kuna mtu anayetegemea ukubwa wa zamani. Ilibidi kwanza kuondoa ramani za kumbukumbu ambazo programu ilikuwa imezishika, kisha kuita VIDIOC_REQBUFS kwa idadi ya 0, na hapo ndipo nyakati mpya zilipokubaliwa. Baada yake muundo wa picha husomwa upya, bafa mpya hutengwa na kupangwa foleni, na mkondo hufunguliwa. Mpangilio huu hauna hatua inayoweza kurukwa, na tuliuandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ukutani karakanani.

Lakini taarifa ya mabadiliko haimaanishi kwamba ishara mpya imeshatulia. Mtu anapobonyeza kitufe cha kisanduku, kuna muda mfupi ambapo hakuna kitu kwenye kebo, kisha muda mwingine ambapo mapigo yapo lakini mpokeaji bado hajayakamata. Uchunguzi ukifanywa katika muda wa kwanza hujibu ENOLINK, na katika muda wa pili hujibu ENOLCK. Ikiwa ishara ipo lakini imepita mipaka ya kifaa, jibu ni ERANGE. Kiendeshi chetu hukubali kasi ya pikseli isiyozidi megahezi 165. Majibu haya matatu yanahitaji mwenendo tofauti. Kwa mawili ya kwanza programu husubiri na kuuliza tena, na kwa la tatu kusubiri hakutaleta chochote mpaka chanzo kibadilishwe. Programu ya awali ingeyachukulia yote kuwa kushindwa na kujifunga. Tuliiandika upya ili ingoje, na ikubali nyakati pale tu zinapojirudia sawa katika uchunguzi wa mara mbili mfululizo. Hilo la mara mbili halimo katika maelezo, ni tahadhari yetu wenyewe, na sijaona sababu ya kuiondoa.

Tulidhani kazi imekwisha. Tukabonyeza kitufe, taarifa ikafika, nyakati za fremu 60 zikagunduliwa, zikawekwa, zikakubaliwa, bafa zikatengwa, na amri ya mwisho ya kufungua mkondo ikakataliwa. Rekodi za kerneli, yaani kiini cha Linux, zilieleza kwamba njia za data zinazohitajika ni nyingi kuliko zilizopo. Hesabu yake ni rahisi. Tundu la kamera tulilotumia lina njia mbili, na kwa usanidi wetu kila njia hubeba biti milioni 972 kwa sekunde, jumla milioni 1,944. Picha ya 1920 kwa 1080, biti 16 kwa pikseli, mara 60 kwa sekunde, ni biti milioni 1,990 na kitu. Tulipungukiwa na biti milioni 47 hivi, kama mtu aliyekosa chombo kwa hatua tatu. Kwa fremu 50 hesabu ni milioni 1,659, na nafasi inabaki. Hii ndiyo maana ya kutofautisha kukubaliwa kwa nyakati na kufunguka kwa mkondo: chipu inayopokea HDMI iliweza kuzipokea nyakati zile, lakini barabara iliyoko nyuma yake haikuweza kuupitisha mzigo.

Njia moja ilikuwa kumwomba maalim ashushe picha ya laptopu iwe 1280 kwa 720. Tuliijaribu, na maandishi ya Kiarabu yakapoteza irabu zake ukutani uani. Wanawake wanaosoma kasida wakifuata irabu hawakustahili kupewa maandishi ya namna hiyo. Njia nyingine ilikuwa kamera na laptopu zote ziende na fremu 30, ili vyanzo vifanane, lakini umeme wetu ni wa hezi 50, na baadhi ya taa za uani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera ikipiga kwa 30 au 60 huonyesha mikanda ya kivuli inayotembea juu ya nyuso za watu, na kwa 50 mikanda hiyo hutulia. Kwa hiyo ilibidi laptopu iifuate kamera.

Laptopu huchagua nyakati kwa kusoma EDID, jedwali dogo ambalo mpokeaji humpa mtoaji likieleza anachoweza kukionyesha. Kwa kibao chetu jedwali hilo hatupewi na kiwanda, bali ni sisi tunaolipakia kupitia kiendeshi, na chipu hulisahau kila umeme unapokatika. Kijana alikuwa amechukua jedwali la kawaida lenye baiti 256, ambalo chaguo lake la kwanza lilikuwa fremu 60. Yaani sisi wenyewe tulimwalika mgeni tusiyeweza kumpokea. Katika maelezo ya chaguo la kwanza, yenye baiti 18, zinazohitaji kubadilika ni 4 tu, nazo thamani zake naziandika kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16): ya nne kutoka 18 kuwa D0, ya tano kutoka 71 kuwa 72, ya tisa kutoka 58 kuwa 10, na ya kumi na mbili kutoka 00 kuwa 80. Baiti za kasi ya pikseli, 02 na 3A, hazikuguswa, kwa kuwa kasi ni ile ile. Kila kipande cha baiti 128 lazima jumla yake igawanyike kwa 256 bila baki, hivyo baiti ya mwisho ya kipande cha kwanza iliongezwa 15. Katika kipande cha pili tuliondoa namba 16 (kwa hesabu ya kawaida), inayosimama kwa fremu 60 za ukubwa huo, tukaweka 31, inayosimama kwa fremu 50, na baiti ya mwisho ikapunguzwa 15.

Tulipolipakia jedwali jipya, laptopu ilijizima kidogo na kurudi yenyewe na fremu 50, bila maalim kugusa kitu. Isipokuwa kisanduku cha kwanza cha kuchagulia kilikuwa na jedwali lake la ndani na hakikulipitisha letu, ikatubidi turudie kile cha pili ambacho tulikuwa tumekiweka kando tukidhani hakina tofauti. Fundi anayenunua kisanduku kama hicho akichunguze hili kabla ya kulipa.

Usiku wa maulidi vyanzo vilibadilishwa mara nyingi, na kwa kuwa sasa nyakati zinalingana, ungedhani kwamba utaratibu wote wa kufunga na kufungua mkondo haukuhitajika. Ulihitajika. Kila kitufe kilipobonyezwa ishara ilikatika, kiendeshi kilisimamisha mkondo, na programu ilipitia hatua zake zote mpaka picha ikarudi. Pengo lilikuwa la sekunde mbili hivi, na katika muda huo kompyuta ya uani ilibaki na fremu ya mwisho. Mama yule wa uani aliniambia baadaye kwamba mara ya kwanza walidhani imeganda tena, kisha wakaizoea. Kwa mwaka ujao tumeamua kwamba programu itume kadi yenye jina la kasida inayofuata mara tu taarifa ya mabadiliko inapofika, na kijana ameshaanza kuiandika.